Maswali ya Wasomaji: Kufufua Tangi la Mtumba la Samaki wa Baharini

Barua tulizochagua safari hii zinahusu tangi la namna moja, lile la maji ya chumvi ambalo kichujio, pampu na taa zake vimeundwa pamoja nalo, na ambalo siku hizi huuzwa kama mtumba na watu wanaohama au waliochoka kulitunza. Barua ya kwanza ndiyo iliyobeba mambo mengi, nayo imejibiwa kwa urefu.

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mwezi uliopita nilinunua tangi la samaki wa maji ya chumvi kwa familia iliyokuwa ikihama Masaki na kurudi kwao Marekani. Lina urefu wa sentimita 60, upana 45 na kimo 50. Vifaa vyote vimejificha nyuma ya ukuta mweusi wa plastiki, na taa ni za mirija, zimefungwa ndani ya kifuniko. Limekaa stoo miaka miwili hivi. Kuta zimeganda ukoko mweupe, mchanga na mawe ya zamani bado yamo na yananuka, na pampu ina kibandiko cha 120V 60Hz. Kijana wa jirani anayeuza samaki wa maji baridi ananishauri nichote maji ya bahari nilijaze, ninunue transfoma, niwashe nione. Mume wangu anasema nimenunua takataka. Watoto wamekwisha kuwapa samaki majina, na mkubwa anamtaka kangaja wa buluu. Nianzie wapi?
Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam

JIBU: Mama, mumeo yuko sahihi kwa nusu. Katika tangi la mtumba kitu chenye thamani ni kioo, na pengine kabati lake. Pampu, taa, hita, sponji, mchanga na mawe ni vitu vinavyochakaa, na baada ya miaka miwili stoo sehemu kubwa ya hivyo ni takataka kweli. Ushauri wa huyo kijana nakuomba usiujaribu hata kwa dakika tano, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye umeme.

Kazi ya kwanza ni kutoa mchanga na mawe, nayo ifanyike nje, mahali penye upepo. Harufu hiyo ya mayai viza ni hidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu inayotengenezwa na bakteria wa kwenye mchanga usiopata oksijeni. Mchanga wote utupe. Kuuosha kunawezekana, lakini utatumia maji na siku nyingi kuokoa kitu cha bei ndogo kilichosheheni uozo wa miaka. Mawe yaweke kando kwenye ndoo, nitayarudia.

Kabla ya kupoteza nguvu zako kusugua, hakikisha kwanza kwamba tangi halivuji. Liweke kivulini juu ya kabati lake au juu ya meza imara iliyonyooka, uhakikishe kwa pima maji ya fundi kwamba halijaegemea upande wowote, utandike magazeti makavu chini yake, kisha ulijaze maji ya bomba hadi robo na kuliacha usiku kucha. Pakipambazuka magazeti yakiwa makavu, ongeza hadi nusu, halafu hadi juu, na uliache limejaa kwa wiki nzima. Bandika utepe kwenye usawa wa maji, na kando ya tangi weka ndoo iliyonyooka kuta, yenye maji na utepe vilevile. Joto la Dar es Salaam hupunguza maji kila siku, na bila ndoo hiyo hutajua kama yaliyopungua yamekwenda hewani au yamepenya kwenye kiungo. Tangi likishuka milimita nne na ndoo ikashuka milimita nne, huna mashaka. Tangi likishuka kumi, tafuta panapovuja. Mimi mwenyewe niliwahi kulikatisha jaribio hili siku ya pili kwa haraka ya kutaka kuona samaki, na tangi langu likaanza kudondosha siku ya nne, tone moja kila baada ya dakika kadhaa, ndani ya kabati lililokuwa na soketi ya umeme.

Kabati nalo likague wakati huohuo. Tangi la vipimo vyako hubeba lita 135 ukihesabu kwa vipimo vya nje, na ukijumlisha kioo, maji na mawe utakuwa unasimamisha kiasi cha kilo 180 mahali pamoja. Makabati mengi ya matangi haya ni ya chipubodi, ambayo ikinywa maji hufumuka kama mkate uliolowa. Papasa ukingo wa chini na kona za nyuma, na ukikuta pamevimba usitie rangi juu yake. Mpelekee seremala vipimo akutengenezee jingine la plaiwudi ya milimita 18, lenye ubao wa kusimama katikati.

Viungo vya kioo vina silikoni ya aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ile nyembamba inayoonekana ndani ya kona ni kinga tu, na ikibanduka inaweza kukatwa kwa wembe na kupakwa upya. Ile iliyobanwa katikati ya kioo na kioo ndiyo inayoshika tangi. Itazame kutoka nje kwa tochi: ukiona mapovu mengi meupe, au michirizi inayoanzia ukingoni na kuelekea ndani, hiyo ni kazi ya fundi wa vioo wa kulifumua tangi zima, na kwa bei utakayotajiwa huenda ukaona afadhali ununue kioo kipya. Kama tatizo ni la kinga ya ndani peke yake, ikate yote, pande zote, kwa sababu silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni ya zamani. Futa kioo kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe, kisha upake silikoni halisi isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni za bafuni mara nyingi hutiwa dawa hiyo, na dawa hiyo huua viumbe. Inayofaa hunuka siki inapokauka. Ipe wiki moja kabla ya kuitia maji, hata kama karatasi yake inasema siku moja yatosha, kwa kuwa kwenye kona silikoni huwa nene na hukauka kuanzia juu.

Huenda pia ukakuta ule ukuta mweusi umeachana na kioo upande mmoja. Usishtuke. Silikoni haipendani na plastiki ya akriliki, kwa hiyo kuachia kwa ukuta huo ni jambo la kawaida, wala halivujishi maji nje. Kasoro yake ni kwamba maji hupita njia ya mkato bila kuchujwa na samaki wadogo hupenya na kunaswa nyuma. Ubandike upya kwa silikoni ileile baada ya kuukwaruza kidogo kwa msasa.

Sasa ukoko mweupe. Huo ni chokaa, pamoja na mabaki ya mwani wa chokaa, na dawa yake ni siki nyeupe ya jikoni. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha vitambaa uvibandike kwenye kuta, na ujaze mchanganyiko huo katika vyumba vya nyuma, ambako mkono hauingii. Utasikia chokaa ikichemka kama soda. Hiyo ni kabonidayoksaidi inayotoka tindikali ya siki inapoila. Baada ya saa kadhaa kwangua kwa wembe ulioshikwa karibu ulale juu ya kioo, ukiepuka kona zenye silikoni, na usiguse kabisa ukuta wa plastiki kwa wembe, bali utumie kipande cha kadi ya zamani ya simu. Ukihofia wadudu au magonjwa yaliyoachwa na samaki wa zamani, unaweza baadaye kupaka jiki iliyozimuliwa, sehemu moja kwa ishirini za maji, kisha usuuze mara nyingi na kulianika tangi juani hadi harufu iishe kabisa. Baina ya siki na jiki suuza kwa maji mengi na uache siku moja ipite. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma mapafu, hasa ndani ya chumba kilichofungwa.

Kuna swali moja ambalo ungemwuliza mwenye tangi kabla hajapanda ndege: je, aliwahi kutibu samaki humo kwa dawa ya shaba? Shaba huponya samaki lakini huua kamba, konokono na matumbawe hata ikiwa kidogo sana, nayo hujificha ndani ya mchanga na mawe ya chokaa na kutoka polepole kwa muda mrefu. Kwa kuwa huna wa kumwuliza, njia ya salama ni kutotumia mawe hayo. Ukiyaonea huruma, yaloweke kwenye maji ya chumvi ndani ya ndoo yenye pampu ndogo kwa wiki kadhaa, kisha upime shaba na fosfeti, yaani chumvi inayolisha mwani. Ikionekana hata chembe ya shaba, yapambie bustani.

Nimefika kwenye umeme. Ukichomeka kifaa cha volti 120 kwenye soketi yetu ya volti 230, kwa kawaida kitaungua, na kikiwa kimezama ndani ya maji ya chumvi kinaweza kumwua mtu. Transfoma itashusha volti, lakini haibadilishi mapigo. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde na wetu mara 50, na ndani ya pampu za namna hiyo kuna sumaku inayozunguka kwa kufuata mapigo hayo hatua kwa hatua. Kwa hiyo hata ukiipa volti zake 120 kamili, itapoteza moja ya sita ya kasi iliyoundiwa, itasukuma maji machache, na itapata moto ambao wote utaishia kwenye maji ya samaki. Pampu ya skima, kile kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu, nayo ni vivyo hivyo, na skima isiyozunguka kwa kasi yake haikati hewa kuwa mapovu madogo, jambo ambalo ndilo kazi yake yote. Ifungue pampu hiyo ujionee: toa kifuniko cha mbele, vuta impela, yaani kile kipande chenye mapanga kinachosukuma maji, utazame sumaku yake. Nadhani utakuta ganda lake limepasuka na kutu ya kahawia imeanza kutoka. Hiyo ni ya kutupa hata kama ingekuwa ya volti zetu.

Nunua pampu mpya ya umeme mnyoofu (DC) inayotumia adapta, na usome adapta yenyewe. Ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, haichagui nchi. Kwa tangi lako inatosha pampu ya lita 1,000 hadi 1,300 kwa saa, ila pima kwanza upana wa chumba cha mwisho cha nyuma kwa rula, kwa sababu pampu nyingi nzuri hazienei humo. Fundi umeme akufungie kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, kwenye soketi inayolisha tangi, na kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalotambaa juu ya waya lidondoke sakafuni lisifike kwenye plagi.

Linalobaki ndilo linaloshinda wengi huku kwetu, nalo ni joto. Kifuniko chako kimeunganishwa na taa za mirija, ambazo nguvu yao kubwa hugeuka joto, na kimefunika uso wa maji kama sufuria ya wali. Katika sebule yenye kiyoyozi muda wote hilo linavumilika. Mbezi mwezi wa Februari, maji ya tangi hilo yatapita nyuzi 30 kabla ya adhuhuri, wakati unayoyataka ni kati ya nyuzi 25 na 27. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo huku yakimlazimisha samaki apumue kwa kasi zaidi, na matumbawe yakikaa kwenye joto la namna hiyo kwa siku nyingi hufukuza chembe za mwani zinazoishi ndani yake na kubaki meupe. Ndivyo yalivyofanya kwenye miamba ya pwani yetu mwaka 1998. Maoni yangu, ambayo najua wauzaji hawayapendi, ni kwamba kifuniko hicho kitolewe na kisirudi. Ning'iniza juu ya tangi taa ya LED kwa mkono wa chuma, tandaza wavu mwembamba ili samaki wasiruke nje, na ufunge feni ndogo ya volti 12 ikipuliza juu ya uso wa maji. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto, na feni peke yake yaweza kushusha nyuzi 2 au 3. Wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa unyevu, nguvu hiyo hupungua; bahati ni kwamba wakati huo jua nalo limelegea.

Feni ina gharama yake, kwani tangi laweza kupoteza lita 2 kwa siku, na kinachopotea ni maji peke yake, chumvi hubaki. Tuseme maji halisi yaliyomo ni lita 110 yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani kilo 3.85 za chumvi. Ukisafiri siku mbili na nusu, zikaondoka lita 5, chumvi ileile sasa imo ndani ya lita 105, na kipimo kimepanda hadi karibu gramu 37. Kwa hiyo maji ya kujazia kila siku huwa yasiyo na chumvi kabisa, na wanaojazia maji ya bahari huua samaki wao polepole bila kujua. Yajazie katika chumba cha pampu, kwa maana humo ndimo maji yanapoonekana kupungua. Mbele ya ukuta usawa haubadiliki. Kuna vifaa vyenye floti, kama ile ya simtanki, vinavyojaza vyenyewe. Nunua kimoja kabla ya kununua samaki wa pili.

Maji ya bahari yenyewe hayana ubaya, na sisi wa pwani tuna bahati ya kuyapata bure. Yachote wakati wa bamvua, bahari ikiwa imejaa, mahali panapotazama bahari wazi. Usiyachote karibu na mdomo wa Mto Msimbazi wala kwenye mkondo wa bandari, na usiyachote wiki za mvua kubwa. Yachuje kwa kitambaa kizito, na uyapime kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, kabla ya kuyaamini. Ukiona usumbufu, nunua chumvi maalumu ya matangi ya bahari na uichanganye na maji yaliyosafishwa kwa mtambo wa RO, unaochuja maji hadi chumvi karibu zote zitoke. Chumvi ya mezani haifai, kwa sababu bahari haina chumvi hiyo peke yake: ina pia kalsiamu, miligramu 400 na ushee kwa lita, na magnesiamu mara tatu ya hapo, ambavyo konokono na matumbawe hujengea miili yao. Maji ya kisima ya Dar es Salaam yaache yafulie nguo.

Baada ya kujaza, waambie watoto wasubiri wiki nne hadi sita. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti. Wakaribishe kwa kutia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kifike miligramu 2 kwa lita, ukiweka mawe masafi ndani na pampu ikizunguka. Siku utakayotia amonia jioni, na jioni ya pili ukakuta amonia sifuri na naitraiti sifuri, tangi limeiva. Katikati ya safari hiyo kuta zitafunikwa na utando wa kahawia. Utaisha wenyewe, usiukimbilie kwa dawa.

Kuhusu kangaja, samahani kwa mtoto. Ni samaki wa kuogelea mwamba mzima, na katika sentimita 60 atakuwa mgonjwa na mgomvi. Jozi ya klaunifishi waliozalishwa kwenye matangi, kamba mmoja wa kusafisha na konokono wachache wa kula mwani watajaza tangi hilo vya kutosha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi nimekwisha safisha tangi la mtumba kama hayo mnayoyaandika. Naishi karibu na bahari na wavuvi ni rafiki zangu. Je, kuna ubaya nikichukua mawe hai, yaani yenye viumbe juu yake, na matumbawe mawili matatu wakati maji yamekupwa?
Msomaji, Nyali, Mombasa

JIBU: Kaka, ubaya upo. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, ambayo iko mbele ya nyumba yako, hairuhusiwi kutoa kitu, na sisi huku Tanzania tuna mipaka kama hiyo kwenye visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka kwa zawadi kunadai karatasi. Ukiacha sheria, jiwe lililotolewa mwambani huja na wageni usiowaona, na baada ya miezi miwili utagundua kwamba kuna kaa mkubwa anayekula konokono wako usiku.

Wewe una kitu bora zaidi. Nyumba za kale za Mombasa, Lamu na Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, miamba iliyokufa maelfu ya miaka kabla yetu, na machimbo ya mawe hayo bado yapo. Chagua mapande mepesi yenye matundu mengi, yasiyogusana na saruji, mafuta wala mbolea. Dondoshea siki: yakichemka ni chokaa, yanafaa. Yasugue kwa brashi, yaloweke maji yasiyo na chumvi kwa wiki mbili ukibadilisha maji, kisha uyaweke gizani ndani ya maji ya chumvi yenye pampu hadi fosfeti ishuke. Bakteria hawaulizi jiwe lilitoka wapi, mradi lina matundu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Tangi langu la mtumba limeanza vizuri lakini lina kasoro mbili. Kwanza, mapovu madogo sana yanatoka na maji ya pampu na kulifanya tangi lionekane kama lina ukungu. Pili, skima inafurika kila saa mbili na kikombe chake kimejaa maji meupe, si uchafu mweusi kama nilivyoelezwa. Nilipaka silikoni mpya siku kumi zilizopita. Pia huku kwetu usiku wa mwezi wa saba ni baridi; hita iliyokuja na tangi inafaa?
Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Marahaba. Mapovu yana asili moja kati ya mbili. Chungulia chumba cha pampu: kama usawa wa maji umeshuka hadi karibu na mdomo wa pampu, pampu inavuta hewa, na lita mbili za maji masafi zitakumalizia tatizo jioni hii. Kama maji yamejaa, basi skima ndiyo inayomwaga mapovu yake, na kipande cha sponji kwenye njia ya kuingilia chumba cha pampu kitayanasa, ilimradi ukioshe kila baada ya siku tatu. Sponji isiyooshwa hugeuka kiwanda cha naitreti. Usisahau pia meno ya juu ya ukuta mweusi, ambako maji huingilia nyuma. Yakizibwa na mwani, maji hayafiki kwenye pampu haraka kama inavyoyatoa, na chumba chake hukauka hata kama jana ulijazia.

Skima inafurika kwa sababu ya hiyo silikoni. Skima hufanya kazi kwa kuwa uchafu wa asili ya viumbe hupenda kushikamana na uso wa povu, na chochote kinachobadilisha uso huo, iwe mabaki ya silikoni mpya, sabuni iliyobaki mkononi au mafuta ya chakula, huifanya ipige povu bila kiasi. Ipunguzie hewa, au uinyanyue juu ya maji kwa sentimita mbili, mwaga kikombe, na uipe wiki moja au mbili. Ikiendelea baada ya hapo, vuta mrija wa hewa uusafishe kwa maji ya moto, kwani chumvi hujikusanya ndani yake kama kokoto ndogo.

Hita ya mtumba usiitumie. Hita hufa kwa namna mbili, kukataa kuwaka au kukataa kuzimika, na hiyo ya pili ndiyo inayopika samaki usiku mmoja. Nunua mbili mpya za wati 50 badala ya moja ya wati 100: moja ikigoma kuzimika haina nguvu ya kuchemsha tangi peke yake, na ikigoma kuwaka mwenzake atawafikisha samaki asubuhi. Ziweke kwenye chumba ambacho maji yake hayapungui, na uzizime kabla ya kubadilisha maji, kwa sababu hita iliyo nje ya maji ikiwa bado inawaka hupasuka inapoguswa na maji baridi.

SWALI: Mhariri, tangi langu ni la akriliki, na aliyekuwa nalo alilisugua kwa mchanga. Mikwaruzo inatoka?
Msomaji, Mbweni, Unguja

JIBU: Kwa akriliki, ndiyo, tofauti na kioo, ambacho kikikwaruzwa kwa kina hakina dawa ya nyumbani. Toa maji yote, tumia msasa wa maji ukianza na namba inayolingana na kina cha mkwaruzo, tuseme 800, kisha 1,500, halafu 3,000, kila mmoja ukisugua kwa kukatisha alama za uliotangulia, na umalize kwa dawa ya kung'arishia plastiki na kitambaa laini. Upande wa ndani uoshe mara kadhaa ili dawa hiyo isibaki. Anza na kona ya nyuma, isiyoonekana, ili mkono uzoee kabla hujafika mbele.